Mume Wangu Alifumba Macho Kwenye Mteremko

Mpendwa Bi Wamucii,

Naomba msaada, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujaamua mume wangu ni mtu wa aina gani, kwa sababu hata mimi ninayeishi naye bado sijaamua. Ninaongea na simu nayo inaandika, niko saluni Ngara na wateja hawajaanza kuja, kwa hivyo ikikosea neno au ikisahau nukta unisamehe, mimi sioni.

Ninaitwa Nzula, nina miaka thelathini na sita, na macho yangu yalizimika miaka mitatu iliyopita kwa ule ugonjwa watu huuita presha ya macho. Sikuzaliwa hivi, naijua rangi ya mbingu, naijua sura ya mume wangu Mwau, naijua sura ya binti yetu Stacy alivyokuwa anaingia darasa la kwanza, na hapo ndipo sura yake ilipokomea kwangu. Kazi yangu ni kusuka nywele, nilisuka nikiona na sasa nasuka bila kuona, wateja wengi hawakuniacha kwa sababu vidole havikusahau. Mwau ni dereva wa basi la shule moja upande wa Hurlingham na wazazi wa hapo watakwambia hakuna dereva mwangalifu kama yeye, haondoi basi kabla kila mtoto hajafunga mkanda, na kwenye tuta anakaribia kusimama kabisa ili mtoto asimwage maji.

Nilipopofuka Mwau hakukimbia. Nasema hivi mapema kwa sababu najua wanaume waliokimbia kwa mambo madogo kuliko haya. Alijifunza kumchana Stacy nywele, alijifunza kupika mūthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, vile mama yangu hupika, alihamisha kila kiti na kila ndoo ndani ya nyumba ili nisigonge kitu, ananisomea meseji zangu, na kila Jumapili tukitoka kanisani ananisomea ukurasa wako huu. Fimbo nyeupe ya kukunja niliyopewa kliniki aliiweka nyuma ya kabati akaniambia, "Ya nini hiyo na mimi niko?" na mimi wakati ule nilifurahi kuambiwa hivyo, nikamshika mkono na sijauachilia tangu siku hiyo, sokoni, kanisani, hata kwenda dukani kununua chumvi.

Lakini kicheko chake kiliisha. Mwau alikuwa mtu wa kucheka mpaka jirani anabisha ukutani, na baada ya macho yangu kuzimika akawa mpole kama mtu aliye matangani, anaongea pole pole, anatembea pole pole, na ukimuuliza kuna nini anasema, "Hakuna kitu, mama, wewe pumzika." Miaka miwili mizima niliishi na mtu mwema ambaye hacheki.

Basi kuna mzee mmoja wa kanisani kwetu anaitwa Jamleck, yeye na wenzake huwatoa watu wasioona kila Jumamosi kuendesha baiskeli, zile za watu wawili, kiti kimoja mbele na kingine nyuma. Anayeona anakaa mbele na wanamwita kapteni, ndiye ana usukani na breki zote mbili, na sisi tusioona tunakaa nyuma tunakanyaga pedali. Pedali zimefungwa kwa cheni moja, akizungusha unazunguka, akitulia unatulia. Sheria ya kwanza ya Jamleck ni kwamba kapteni lazima aseme kila kitu, aseme shimo, aseme tuta, aseme kona ya kushoto, aseme nafunga breki, kwa sababu aliye nyuma ana masikio tu.

Siku ya kwanza nililia, Bi Wamucii, nililia kwa furaha. Ilikuwa barabara tambarare asubuhi magari yakiwa machache, na kwa mara ya kwanza tangu nipofuke nilikuwa naenda mahali kwa miguu yangu bila kuvutwa. Mwau alikuwa anasema kila kitu, hata vile visivyohitaji kusemwa, "Kuna paka hapo kwa ukuta, kuna mama anauza ndizi, kuna mtu amevaa suti na sandali." Tukarudi nyumbani tumechoka vizuri.

Baadaye tukaanza kwenda Spring Valley, ambako kuna miti mingi na mteremko mrefu unaoshuka hadi kwenye daraja dogo, na siku ya kwanza tulipoushuka mteremko ule Mwau alicheka. Alicheka kile kicheko cha zamani, kutoka tumboni, nikakihisi mpaka kwenye chuma cha baiskeli. Jamleck alitukuta chini akamwambia, "Kijana, wewe umezaliwa upya," na kweli siku hiyo yote alikuwa mume wangu wa zamani, alinitania, aliimba akiosha vyombo.

Sasa nitakwambia jambo ambalo sikumwambia yeye. Mimi kwenye mteremko ule nilikuwa nakufa kwa woga. Sijui kama umewahi kuteremka mlima bila kuona unaishia wapi. Mtu anayeona anaweza kujiambia ngoja tufike kwenye ule mti, ngoja tufike kwenye lile geti, lakini mimi sina mti wala geti, nina upepo tu unaozidi masikioni na tairi ambazo zinaanza kwa kunguruma kisha zinalia kwa sauti nyembamba. Baiskeli ile ina uzito wa watu wawili, ikishaachiliwa inakimbia kuliko unavyodhani. Mikono yangu imeshika chuma ambacho hakigeuki wala hakifungi chochote. Mbele yangu kuna mgongo wa mtu ninayempenda na anacheka.

Mara moja tu nilimwambia. Nilisema, "Baba Stacy, punguza kidogo." Akapunguza hapo hapo, akaniuliza, "Unaogopa?" nikasema, "Kidogo tu." Akasema, "Pole, mama," tukashuka pole pole mpaka chini, na siku hiyo yote hakucheka tena, alirudi kuwa yule mtu wa matangani, ananishika kiwiko, ananiuliza kama chai ina joto sana. Nikajilaumu. Jumamosi iliyofuata aliponiuliza kama niko sawa nikamwambia niko sawa kabisa, wacha iende, na ikaenda, naye akacheka, nami nikauma meno. Nilifanya hivyo kwa miezi.

Kitu kimoja nilikigundua lakini sikukitilia maanani. Alikuwa ameacha kusema. Kwenye tambarare alisema kila kitu kama kawaida, lakini tukianza kushuka hakutaja chochote, alicheka tu, na mwili wake ukalegea, mabega yakashuka, nilikuwa nahisi kwa baiskeli. Nilidhani ni raha.

Jumamosi moja baada ya mvua tulikuwa nusu ya mteremko, tairi zinalia ile sauti nyembamba, nikasikia honi karibu sana upande wa kushoto na mwanamume akapiga kelele "Wee! Wee!" na Mwau akavuta breki kwa nguvu, baiskeli ikaenda upande, ikagonga kitu, na mimi nikaruka. Nilianguka kwenye mtaro juu ya mkono wangu wa kushoto. Sitaki kukueleza zaidi, ila nilisikia mfupa. Nilikuwa naita jina lake na hajibu, kwa muda mfupi hivi hajibu, na nilijua niko peke yangu mahali nisipopajua, sijui barabara iko mbele au nyuma, sijui gari liko wapi, sithubutu kusimama. Kisha nikasikia anatambaa akisema, "Niko hapa, niko hapa, niko hapa."

Hospitalini wakaniwekea plasta. Mwau alimwambia kila mtu kwamba gari lilitoka getini ghafla, na Jamleck akaja na watu wa kanisa wakaomba, wakamshukuru Mungu, wakamlaumu dereva wa gari. Vidole vyangu viwili vya mkono ule bado vimekufa ganzi mpaka leo, daktari anasema tusubiri, hapa saluni nakaa tu wenzangu wakisuka, na Bi Wamucii unajua msusi bila vidole ni nani.

Siku chache baadaye Stacy akiwa shuleni Mwau alikuwa ananiosha nywele juu ya beseni kwa sababu siwezi kulowesha plasta. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

Akasema, "Nzula, gari halikutoka ghafla."

Nikamuuliza lilitokaje.

"Lilikuwa limetoka tayari. Mtu yeyote angeliona. Mimi nilikuwa nimefumba macho."

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya maji. Nikamwambia arudie, akarudia.

"Mdudu alikuingia?"

"Hapana. Nilifumba tu. Na si siku hiyo peke yake. Kila tukifika pale juu nilikuwa nafumba kidogo, nahesabu pole pole, halafu nafungua. Siku ile nilichelewa kufungua."

"Kwa nini, Mwau?"

Maji yalikuwa yananiingia shingoni na hakuyafuta. Akasema, "Nilitaka kujua uko wapi. Kila siku nakushika mkono lakini sijui uko wapi. Pale ndio mahali pekee nilihisi niko na wewe."

Akaanza kulia, mwanamume mzima, kichwa chake juu ya mgongo wangu wenye sabuni. Na mimi, hapa ndipo naona aibu, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa hasira. Nilihisi furaha. Nilihisi kwamba kuna mtu amekuja kunitafuta gizani. Hasira ilikuja baadaye nikiwa jikoni namenya viazi kwa mkono mmoja, ikanijia mpaka nikaweka kisu chini, kwa sababu nilikumbuka kwamba mimi pia nilikuwa juu ya ile baiskeli, na Stacy ana mama mmoja tu.

Tangu hapo sijui kumwamini. Wiki jana tulikuwa tunavuka barabara hapa Ngara, amenishika mkono kama kawaida, tukasimama kando tukisubiri magari, na kabla hatujakanyaga lami mkono wangu mzima ukachomoka kwake wenyewe ukamgusa macho. Ukagusa kope zake, kuona kama yako wazi. Yalikuwa wazi. Alisimama tu akaniachia nimguse, watu wanapita wanatugonga mabega, kisha tukavuka. Lakini nilijua nimemuumiza, na nilijua pia kesho nitarudia.

Sasa Jamleck amepiga simu, baiskeli imetengenezwa, anauliza kama mwezi ujao tutarudi plasta ikitoka, anasema watu wametukosa. Mwau ananiambia, "Twende, nitaenda pole pole, naapa. Lakini tusimwambie Jamleck ile stori, watatunyang'anya baiskeli, na ikifika kule shuleni kazi imeisha." Dada yangu Kaindi nimemwambia nusu tu ya mambo haya naye akasema, "Shukuru una mume, funga mdomo, baiskeli muachane nayo." Lakini nikiachana na baiskeli naachana na kile kicheko, na nikibaki nayo nabaki na ule mteremko.

Nisaidie. Nipande tena au nisipande? Nimwambie Jamleck au ninyamaze? Na kama siwezi kuwa salama nyuma ya mume wangu kwenye baiskeli, nitakuwaje salama naye barabarani, sokoni, maisha yote? Najua yeye ndiye atakayenisomea jibu lako. Nimelifikiria hilo na bado naituma barua hii.

Nzula, Ngara


Bi Wamucii anajibu:

Nzula, pole. Pole ya mkono, pole ya vidole, na pole ya ule muda mfupi mtaroni ulipomwita mtu hakuitika. Majina yenu nimeyabadilisha na shule siijui wala sitaitafuta. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kutembea, nikarudi nikaisoma tena, kwa sababu jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la hasira tupu na hukuniandikia ili nikasirike.

Nianze na wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza. Umenyamaza miezi mingi ukiuma meno ili mtu mzima acheke. Najua kwa nini. Kila mwanamke anayesoma ukurasa huu anajua kwa nini. Lakini mwenzio alikuuliza kama uko sawa, ukamwambia wacha iende. Ulimpa habari za uongo kuhusu abiria wake. Kosa la kufumba macho si lako hata kidogo, usilibebe, lakini hilo la kunyamaza ni lako na ni lazima uliache, kwa sababu wewe huna breki na huna macho, una mdomo tu, na umeufunga mwenyewe.

Ile furaha uliyoihisi juu ya beseni usiionee aibu. Ulikuwa mpweke miaka mitatu ndani ya nyumba yenye mtu mwema. Mtu mpweke akisikia hatua mlangoni hufurahi kabla hajauliza ni nani. Hasira iliyokuja jikoni nayo ni halali, na ilikuja na akili. Isikilize hiyo zaidi.

Sasa, Bwana Mwau. Najua ni wewe unayesoma kwa sauti. Usiruke mstari, na usipunguze sauti.

Wewe ni mtu mzuri, mkeo amenishawishi. Lakini nikuulize: asubuhi ukiwa na basi limejaa watoto wa watu, unafumba macho ukihesabu pole pole? Kama jibu ni hapana, basi unajua vizuri kabisa kwamba jambo hilo ni hatari, na ulichagua kulifanya na mtu mmoja ambaye hangeweza kukuona ukilifanya. Kama jibu ni ndiyo, hata mara moja, acha kusoma sasa, mpigie mkubwa wako simu na kesho usiwashe hilo basi. Hilo sina maneno mengine ya kuliongeza.

Umesema ulitaka kujua yuko wapi. Hukufika. Yeye macho yake yalipozimika hakuwa na breki mkononi, na hakuna mahali pa kuhesabu kisha afungue. Wewe ulikuwa na breki zote mbili na ulikuwa na macho mawili mazima chini ya kope. Uliingia gizani kama mgeni anayeingia nyumba ya watu huku ameacha gari likinguruma nje, na ukamwachia mwenye nyumba alipe. Ukitaka kujua Nzula yuko wapi, muulize. Miaka mitatu umemuuliza kama chai ina joto. Mwambie akueleze asubuhi inafananaje kwake. Ukitaka kujaribu giza, funga macho kwa kitambaa ukiwa umeketi nyumbani kwako, na umwache yeye akushike mkono akutoe sebuleni akupeleke jikoni. Utashangaa ni nani mwenye woga.

Nzula, narudi kwako, na hapa nataka unisikie vizuri. Mtu anayefumba macho mlimani akiwa amempakia mke wake anaweza kuwa anamtafuta. Anaweza pia kuwa amechoka kuishi na hajui kulisema. Mimi siwezi kujua kutoka hapa, na wewe huwezi kujua kwa kukisia. Muulize leo, kwa maneno haya haya, bila kuyalainisha: "Mwau, ulitaka tufe?" Mpe nafasi ya kujibu. Akisema hapana na ukamwamini, ashukuriwe Mungu, lakini bado atafute mshauri wa kuzungumza naye, mtu mwenye ujuzi, si mimi na si ndugu zake, kwa sababu amekuwa matangani miaka mitatu na hakuna aliyempa pole. Wewe ulipopofuka watu walikuletea chakula. Yeye nani alimuuliza? Akisema ndiyo, au akinyamaza kimya cha kukutisha, mnakwenda hospitali siku hiyo hiyo, na humwachi peke yake njiani. Kaindi akae na mtoto. Na huyo Kaindi umwambie nimesema kuwa na mume si sababu ya kufunga mdomo.

Jamleck mtamwambia, na mtamwambia nyote wawili mkiwa mmeketi mbele yake. Mwau ndiye atakayeongea na wewe uwepo. Baiskeli ile hukaliwa na watu wengine pia, na huyo mzee anawaombea dhidi ya dereva wa watu ambaye hana hatia. Kuna mtu huko Spring Valley anayelala akifikiri alimvunja kipofu mkono. Hilo nalo lirekebishwe, Mwau amtafute amwambie ukweli. Jamleck akiwanyang'anya baiskeli ana haki. Lakini wazee wanaoendesha mambo kama hayo nimewaona wengi, na nadhani atakuwa na akili kuliko mnavyohofia.

Mteremko wenyewe: pole pole peke yake haitakupa usalama. Mtu anaweza kukuteremsha pole pole na bado ukawa mzigo nyuma yake. Kinachokosekana kwako ni uwezo wa kusimamisha. Mwambie Jamleck atafute fundi avute kebo ya breki moja mpaka kwenye hendeli yako ya nyuma. Inawezekana, hufanywa. Wewe ndiye utakayesema mteremko unashukwa kwa mwendo gani, kwa sababu mwendo wa baiskeli ya watu wawili ni mwendo wa yule anayeogopa zaidi. Akinyamaza mteremkoni, hata kama ni kwa raha, unafunga breki. Wala Mwau hatakuwa kapteni kwenye mlima wowote mpaka Jamleck amkalie nyuma yeye mwenyewe, kwa muda atakaoutaka Jamleck, na aridhike. Mpaka hapo, ukitaka kwenda, nenda na kapteni mwingine. Kama mumeo ataona wivu, aone.

Na hiyo fimbo itoke nyuma ya kabati. Leo. Mwau, itoe wewe mwenyewe umpe mkononi. Nzula, rudi kliniki waambie unataka kufundishwa kutembea nayo, kwenda dukani, kuvuka barabara kwa masikio yako. Mkono wa mumeo ni kitu kizuri, lakini kwa sasa huna njia nyingine, na mtu asiye na njia nyingine hawezi kusema anaamini, anavumilia tu. Ukishaweza kuvuka peke yako halafu ukachagua kumshika, hutahitaji kumpapasa kope mbele ya watu. Kwa sasa, ukihitaji kumpapasa, mpapase. Avumilie. Ameyataka.

Kuhusu kicheko, sina ahadi. Inawezekana kitarudi kwenye tambarare, inawezekana kitachukua muda, inawezekana ukakisikia jikoni akiwa amefunga kitambaa na amegonga meza. Lakini usikinunue tena kwa mifupa yako.

Mwisho, siku mtakayopanda tena pamoja, kama itakuja, msianze mlimani. Anzeni kwenye uwanja ulio sawa, usio na magari. Mkishaenda kidogo, bila shimo, bila tuta, bila sababu yoyote, mwambie, "Simama." Akisimama kwanza na kuuliza baadaye, unaweza kuanza kufikiria mlima pamoja naye. Akiuliza "Kwa nini?" huku pedali bado zinazunguka chini ya miguu yako, funga breki yako, shuka, kunjua fimbo, urudi nyumbani kwa Stacy.